Matangi Kwanza, Bia Baadaye

Ukitaka kujua kiwanda cha bia kinakua au kinadumaa, usiende kuhesabu watu baani. Nenda nyuma, kwenye chumba baridi chenye matangi ya chuma cha pua, uulize mangapi ni mapya, mangapi yamejaa, na nani aliyatolea fedha. Kazi yangu ni hesabu za viwanda, na kwa jicho hilo la mtu wa vitabu sijaona biashara nyingine ndogo inayodai mtaji mapema kama hii na kuurudisha kwa mwendo wa kobe. Tangi linalipiwa leo. Bia itakayolijaza haijapikwa, mnunuzi wake hajulikani, na msambazaji atakayeichukua ana masharti yake.

Kwa hiyo habari za bia za krafti, yaani bia za viwanda vidogo vilivyo huru, huwa nazisoma kinyume na wenzangu. Wao hutafuta ladha, harufu ya machungwa na utomvu, na picha ya lebo. Mimi hutafuta mahali fedha ilipotoka. Nimefuatilia viwanda vingi vya Marekani kwa njia hiyo, kwa sababu huko ndiko wimbi hili lilikoumuka kuliko kwingine, na kila mara narudi kwenye kampuni moja ya mji mdogo wa Chico, kaskazini mwa California: Sierra Nevada. Ilianzishwa mwaka 1979, na hadi leo ni mali ya familia ya mwanzilishi wake. Zaidi ya miaka 40 bila kuuza hisa kwa kampuni kubwa ya vileo, tena ikiwa na ukubwa ule ambao wengine wengi walishindwa kuubeba.

Ukubwa wenyewe una jina. Chama cha Brewers Association, ambacho ndicho sauti ya viwanda vidogo vya Marekani, huviita viwanda vya kanda vile vinavyotoa kati ya mapipa 15,000 na milioni 6 kwa mwaka. Pipa la Kimarekani ni kama lita 117, hivyo tunazungumzia lita milioni 1.76 kwa upande wa chini na zaidi ya milioni 700 kwa upande wa juu. Tabaka hilo ni pana kiasi cha kuchekesha. Kikomo cha juu cha kuitwa mdogo kilikuwa mapipa milioni 2, kikapandishwa hadi milioni 6 wakati kampuni ya Boston Beer, wenye bia ya Samuel Adams, ilipokuwa inakikaribia. Mkubwa wa nyumba asingeweza kuachwa nje, basi wakasogeza ukuta. Sharti la pili ni la uhuru: kampuni ya vileo ambayo yenyewe si ya krafti haitakiwi kushika asilimia 25 au zaidi ya umiliki. Sharti hilo ndilo lililoumiza watu, nami nitalirudia.

Kwanza turudi mwaka 1976. Mwaka huo, mjini Sonoma, mwanamaji wa zamani aitwaye Jack McAuliffe alianzisha New Albion, kiwanda ambacho wanahistoria wa bia hukihesabu kuwa cha kwanza kidogo kujengwa kuanzia sifuri katika zama hizi. Mwaka huohuo, huko Chico, kijana aitwaye Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani, wakati ambapo kupika bia nyumbani bado kulikuwa kinyume cha sheria ya shirikisho. Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kuruhusu Oktoba 1978, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Grossman na mwenzake Paul Camusi walikuwa wapishi wa nyumbani waliotaka kugeuza jambo lao kuwa kazi, wakaenda kutazama alichokifanya McAuliffe.

Walichokiona kiliwasaidia kuliko somo lolote la chuo. New Albion ilipika kama pipa moja na nusu kwa mkupuo. Bia ilisifiwa magazetini, watu waliifuata kutoka mbali, lakini hesabu zilikataa. Mtu anayepika pipa moja na nusu anafanya kazi karibu sawa na ya anayepika kumi: maji yanachemshwa, kimea kinasagwa na kulowekwa, sufuria linasuguliwa, karatasi za ushuru zinajazwa. Jasho ni lilelile, mapato ni ya kuokoteza. McAuliffe alitafuta fedha za kupanua kiwanda akazikosa, na mwaka 1982 New Albion ikafungwa. Haikufa kwa kukosa wanywaji. Ilikufa kwa kukosa matangi.

Grossman na Camusi wakaamua kuanza na mapipa kumi kwa mkupuo. Leo mapipa kumi ni kiwanda cha uani. Wakati ule hakuna aliyetengeneza mitambo ya ukubwa huo kwa ajili ya bia, kwa kuwa viwanda vya Marekani vilikuwa vimemezana mpaka vikabaki chini ya mia nchi nzima, na vilivyobaki vilikuwa majitu. Basi Grossman akajifunza kuchomelea vyuma na mambo ya majokofu, akazunguka kutafuta matangi ya maziwa yaliyostaafu, mashine ya kujazia soda, na mabaki ya viwanda vya bia vilivyokufa. Fedha zilitoka kwenye akiba, ndugu na marafiki. Tarehe 15 Novemba 1980 walipika mkupuo wao wa kwanza, stauti nyeusi.

Wasimuliaji wengi hupita haraka hapa kwa sababu wanakimbilia bia iliyowapa jina, Pale Ale. Mimi ningependa tukae kidogo na yule kijana na mashine yake ya kuchomelea. Kila bomba alilolifunga mwenyewe lilikuwa deni ambalo hakulichukua. Mwanzilishi asiyejua kuchomelea humlipa mchomeleaji, na ili amlipe hukopa au huuza sehemu ya kampuni kabla haijawa na thamani. Hisa za siku za mwanzo ndizo za bei rahisi kuliko zote na ndizo zinazokuja kuuma kuliko zote.

Pale Ale yenyewe haikutoka mara moja. Mikupuo ya mwanzo ilimwagwa. Haikuwa na kasoro ya kumdhuru mtu, ila haikufanana: mmoja ulichachuka vizuri, mwingine ukasuasua. Walitaka bia ambayo mtu akiinywa Machi ataitambua Septemba. Kwa kampuni isiyo na fedha, kumwaga bia ni kumwaga mishahara, na mhasibu yeyote angewashauri waiuze tu kwa bei ya chini. Ningewashauri hivyo mimi pia, na ningekuwa nimewaharibia. Bia hiyo ilikuwa na uchungu na harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, za Cascade, aina iliyotolewa rasmi mwaka 1972 baada ya utafiti wa serikali huko Oregon, na kwa mnywaji wa wakati huo aliyezoea laga nyepesi, ilikuwa kitu kigeni. Kitu kigeni kinachobadilika kila wiki hakipewi nafasi ya pili.

Sasa nieleze hesabu ya matangi, maana bila hiyo hadithi yote ya kukua haieleweki. Sufuria la mapipa 100 linaweza kupika zaidi ya mara moja kwa siku. Ukilitazama sufuria peke yake utadhani kiwanda kinaweza kufurika bia mwaka mzima. Lakini kinachotoka sufuriani si bia, ni maji matamu ya kimea yaliyochemshwa na hopsi. Yanapozwa, yanatiwa hamira, kisha yanakaa tangini. Bia za jamii ya eli, zinazochachuka katika joto la wastani, hukaa tuseme wiki mbili hadi ziive. Laga, zinazopenda baridi, hukaa mwezi na zaidi. Kwa mwendo wa wiki mbili, tangi moja la mapipa 100 linajazwa mara 26 kwa mwaka, yaani mapipa 2,600. Ili ufikie 15,000 na kuitwa kiwanda cha kanda, unahitaji matangi sita yasiyokaa tupu hata siku moja, yasiyovuja, yasiyosubiri kusafishwa. Kwa hiyo unahitaji manane. Kisha unahitaji chumba cha kuyaweka, mtambo wa baridi wa kuyapoza, na mashine ya kujazia itakayoendana nayo. Kila ngazi unayopanda inakuja na orodha yake ya ununuzi, na ngazi hazina nusu: huwezi kununua robo ya mashine ya chupa.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wawekezaji kila mara. Ukiongeza ukubwa mara kumi, bia haibaki ileile. Katika sufuria kubwa hopsi hutoa uchungu kwa ufanisi zaidi, hivyo ukizidisha vipimo vyote kwa kumi unapata bia chungu kuliko ya mwanzo. Tangi refu lina uzito mkubwa wa kimiminika juu ya hamira, na hamira iliyobanwa hivyo hutoa harufu pungufu za matunda. Joto la kuchachuka hutoka kwa urahisi kwenye chombo kidogo, lakini kwenye kikubwa hubaki katikati na kuipandisha hamira wazimu usipolipoza. Mpishi anapohamia nyumba kubwa, anaanza upya kutafuta bia aliyokuwa nayo tayari. Wanaofanikiwa huajiri mtu wa maabara kabla ya kuajiri mtu wa matangazo. Wanaoshindwa hugeuza mpangilio huo, kisha hulaumu soko.

Grossman alijiandaa kwa hatua hiyo mapema kuliko uwezo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alinunua Ujerumani mitambo ya shaba ya kupikia ya mapipa 100, iliyotoka katika kiwanda kilichofungwa, akaisafirisha hadi California. Kisha ikakaa ghalani kwa miaka, kwa kuwa fedha ya jengo haikuwepo. Nikiitazama kwa macho ya mizania, ile shaba ilikuwa mali isiyozalisha hata senti. Nikiitazama kwa macho ya sasa, ilikuwa njia ya kujifunga: alikuwa amekwisha kuamua ukubwa wa hatua inayofuata, na alingoja mauzo yamfikishe, badala ya kumleta mwenye fedha wa kumfikisha. Kufikia mwaka 1987 kile kiwanda cha matangi ya maziwa kilikuwa kinakamuliwa hadi mapipa 12,000 kwa mwaka, bia ikiuzwa katika majimbo saba. Ndipo wakahamia jengo jipya, Chico hukohuko, na shaba ikatoka ghalani. Karibu miaka kumi baadaye, walipoongeza mitambo ya pili, waliagiza tena sufuria za shaba za Kijerumani zifanane na zile za kwanza, ingawa chuma cha pua kingefanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Hapo sina utetezi wa kihasibu. Mtu aliipenda shaba, akawa na uwezo wa kuilipia.

Serikali nayo ilisaidia kwa namna isiyosemwa sana majukwaani. Sheria ya mwaka 1976 iliwapa wadogo ushuru wa dola 7 kwa pipa kwa mapipa 60,000 ya kwanza, mradi jumla ya mwaka isizidi milioni 2. Ushuru wa kawaida ulipopandishwa hadi dola 18 mwaka 1991, ule wa wadogo haukuguswa. Tofauti ya dola 11 kwa mapipa 60,000 ni dola 660,000 kila mwaka zinazobaki kiwandani. Hizo ni matangi. Mwaka 2018 kiwango cha wadogo kilishushwa tena hadi dola 3.50, na mwishoni mwa mwaka 2020 punguzo hilo likafanywa la kudumu. Wanaoitaja bia ya krafti kama ushindi wa mapenzi na ubunifu wangeongeza mstari mmoja wa kuwashukuru waandishi wa sheria za kodi.

Ukishatoka nje ya jimbo lako unakutana na msambazaji. Marufuku ya pombe ilipokwisha Marekani mwaka 1933, majimbo mengi yalitenga ngazi tatu: anayetengeneza, anayesambaza, anayeuza rejareja. Nia ilikuwa kuzuia viwanda vikubwa visimiliki baa. Matokeo yake, kiwanda cha kanda humkabidhi mtu mwingine bia yake, mtu huyo huyo aliyebeba chapa nyingine mia kwenye lori lilelile, na katika majimbo mengi sheria hufanya kumwacha msambazaji kuwa kazi ngumu na ya gharama. Mkataba unausaini ukiwa mdogo na mwenye njaa, na unaishi nao ukiwa mkubwa. Ndiyo maana viwanda vipya vingi siku hizi havitaki kuwa vya kanda kabisa. Vinauza bia kwenye baa zao wenyewe, glasi kwa glasi, vinabaki na faida yote, na vinakataa kupanda ngazi. Siwalaumu.

Bia inapokwenda mbali inazeeka. Adui mkubwa ni oksijeni, kiasi kidogo mno kinachoingia wakati wa kujaza na kile kinachopenya kwenye kizibo. Sierra Nevada walitumia kwa muda mrefu vizibo vya kuzungusha kwa mkono, vinavyompendeza mnywaji. Mwaka 2007 wakaviacha wakarudi kwenye vile vinavyohitaji kifungulio, kwa sababu vilizuia hewa vizuri zaidi. Nadhani ni uamuzi unaoieleza kampuni hiyo kuliko tangazo lolote. Mteja alisumbuliwa kidogo ili chupa aliyoinunua mbali na kiwanda isimuudhi kwa ladha ya karatasi iliyolowa.

Miaka hiyohiyo ilileta mtihani mwingine. Oktoba 2006 ghala la hopsi liliungua huko Yakima, jimbo la Washington, na kuteketeza takriban asilimia 4 ya mavuno ya Marekani. Wakulima walikuwa wamekwisha kung'oa mashamba kwa miaka kadhaa ya bei mbovu, na mavuno ya Ulaya yakaja hafifu. Kufikia 2007 na 2008 bei zilipaa. Kiwanda kilichokuwa na mikataba ya miaka mingi kiliendelea kupika, na kilichozoea kununua sokoni kwa wiki kilibadilisha mapishi au kikanunua kwa bei ya kulia. Mkataba wa hopsi ni deni pia, maana umeahidi kununua zao la mwaka ambao hujui utauza kiasi gani. Mara nyingi ukubwa wa kiwanda cha kanda umo ndani ya ahadi za namna hiyo, ambazo mgeni hazioni akipita kutembezwa.

Kuhusu umiliki, Sierra Nevada ilipita kwenye tundu la sindano mwishoni mwa miaka ya 1990, pale washirika wawili walipoachana na Grossman akanunua sehemu ya Camusi. Kununua nusu ya kampuni iliyofanikiwa ni kulipia mafanikio yako mwenyewe kwa bei ya soko. Wengi hapo ndipo humkaribisha mfuko wa uwekezaji, na mfuko huo huingia ukiwa tayari na tarehe ya kutoka. Baada ya miaka mitano au saba unataka fedha zake na faida juu, na hakuna anayeweza kuilipa isipokuwa jitu la vileo. Kwa macho yangu mauzo mengi tuliyoyaona baadaye yaliandikwa siku hiyo ya kwanza, siku mwekezaji alipokaribishwa chai.

Na mauzo yalikuja kweli. Mwaka 2011 Goose Island ya Chicago ilikwenda kwa jitu la bia, Anheuser-Busch InBev, kwa dola milioni 38.8. Mwaka 2015 Heineken ilichukua nusu ya Lagunitas, na baada ya miaka miwili ikachukua iliyobaki. Mwaka huohuo wa 2015 kampuni kubwa ya vileo ya Constellation ililipa dola bilioni 1 kwa Ballast Point ya San Diego, bei iliyowafanya wamiliki wa viwanda nchi nzima waanze kupiga hesabu usiku. Miaka minne baadaye Constellation iliiuza kwa kampuni ndogo ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. Bell's ya Michigan, ambayo Larry Bell alianza kuuza bia yake mwaka 1985, ikauzwa 2021. Stone ya California ikaenda kwa Sapporo, kampuni ya bia ya Japani, 2022. Brewers Association ilikuwa imetoa mwaka 2017 alama ya chupa iliyopinduliwa kichwa chini, ibandikwe na walio huru kwa lile sharti la asilimia 25, ili mnywaji ajue anamlipa nani. Alama nzuri, ila haijawahi kumlipia mtu tangi.

Iliyonisumbua zaidi ni New Belgium ya Fort Collins, Colorado. Ilianzishwa 1991, na kufikia mwanzo wa 2013 ilikuwa mali ya wafanyakazi wake kwa asilimia 100. Kwa wengi wetu huo ndio ulikuwa mfano wa kuigwa. Kisha mwishoni mwa 2019 wafanyakazi hao wenyewe walipiga kura wakakubali kuiuza kwa Lion Little World Beverages, tawi la Kirin ya Japani. Watu waliwaita wasaliti. Lakini tazama mpango wenyewe unavyofanya kazi: mfanyakazi akistaafu, kampuni hununua hisa zake kwa thamani ya siku hiyo. Kampuni ikikua thamani, deni lake kwa wastaafu linakua nayo, na fedha ileile inadaiwa pia na matangi. Uongozi ulisema zaidi ya wafanyakazi 300 wangepata zaidi ya dola 100,000 kila mmoja za kustaafia. Mpakiaji wa chupa aliyepiga kura ya ndiyo kwa kiasi hicho, mimi sina neno la kumwambia.

Sierra Nevada katika miaka hiyo ya mauzo ilikuwa inafanya jambo lililoonekana la kizamani: inajenga kwa mtaji wake na mikopo yake. Bia ni maji kwa sehemu kubwa, na kuyavusha maji hayo bara zima kutoka California hadi pwani ya mashariki ni gharama ya dizeli, jokofu na uzee wa bia. Wakachagua Mills River, karibu na Asheville, North Carolina, na kiwanda cha pili kikafunguliwa 2014. Hapo ule ugumu wa kufananisha bia ulirudi kwa ukubwa mpya. Maji ya milimani mashariki hayana madini yaleyale, mabomba hayana mipindo ileile, na meza ya waonjaji inapaswa kushindwa kutofautisha glasi ya Chico na ya Mills River bila kuonyeshwa lebo. Walisherehekea ufunguzi kwa kupika bia kwa kushirikiana na viwanda vingine 12 na kuzunguka nchi kwa matamasha. Ilikuwa busara kidogo pia: unapoingia mtaa wa watu na kiwanda cha ukubwa huo, ni vizuri uingie na marafiki.

Nikiwa mkweli, wakati wa kufungua haukuwa mzuri. Viwanda vidogo vilichipuka kila kona, Marekani ikafikisha zaidi ya 9,000, na mnywaji akaanza kuona bia inayopatikana kila mahali kuwa bia ya wazee. Kiwanda cha kanda kikabanwa pande mbili: chini yake baa ya jirani yenye bia iliyojazwa asubuhi, juu yake jitu lenye bei ya kutupa na chapa za krafti lilizozinunua. Pale Ale, iliyowahi kuwa uasi, ikawa kitabu cha kiada. Jibu lao lilikuja 2018: Hazy Little Thing, bia ya aina ya IPA (India Pale Ale, yenye hopsi nyingi) yenye ukungu, isiyochujwa, laini mdomoni, mtindo ulioanzia kwa vijana wa kaskazini mashariki. Wapo waliokunja pua kuona kiwanda kilichojengwa juu ya uchungu safi wa hopsi kikiuza juisi ya mawingu. Mimi niliona jambo jingine. Viwanda vidogo vilipika bia hizo kwa kopo la wiki mbili, baada ya hapo zinageuka kahawia na kuchusha. Kuzifanya zidumu rafuni kote nchini kulihitaji ileile elimu ya oksijeni iliyokuwa imekusanywa tangu enzi ya vizibo, na bia hiyo imekuwa miongoni mwa zinazowauzia zaidi.

Mwaka huohuo, tarehe 8 Novemba, moto wa Camp Fire uliteketeza mji wa Paradise, jirani na Chico, na kuua watu 85. Wafanyakazi wa kiwanda walipoteza nyumba. Sierra Nevada ilitoa mapishi ya bia iliyoitwa Resilience, ikaomba viwanda vingine viipike na kutoa mapato yote kwa waathirika. Zaidi ya 1,400 viliitika. Wasambazaji wa kimea na hopsi walitoa malighafi bure. Sipendi kuigeuza misiba kuwa faida ya biashara, lakini ombi kama hilo lingetoka kwenye makao makuu ya shirika lenye viwanda nchi hamsini lisingeitikiwa hivyo, na mapishi yenyewe pengine yangekwama ofisi ya wanasheria.

Je, basi familia ni jibu? Anchor ya San Francisco inanifanya nisite. Fritz Maytag aliinunua mwaka 1965 ikiwa inakata roho, akaifufua, na kwa miongo zaidi ya minne aliiendesha kama mali yake. Mwaka 2010 aliiuza kwa wawekezaji, 2017 wakaiuza kwa Sapporo, na Julai 2023 ikatangazwa kufungwa. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na Hamdi Ulukaya, tajiri wa mtindi wa Chobani. Maytag hakukosea katika kupika wala katika mahesabu. Alizeeka tu. Grossman naye alizaliwa mwaka 1954, na tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba watoto wake wamo ndani ya kampuni.

Mwaka 2024 viwanda vya krafti vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa. Minada ya mitambo imejaa matangi yanayong'aa, mengine hayajawahi kujazwa mara nyingi. Mtu mwenye mashine ya kuchomelea na subira angeweza leo kuyapata kwa sehemu ndogo ya bei yake, na ningependa sana kuona vitabu vyake baada ya miaka kumi.